Kamba amelala ubavu: anakufa, anajivua au anatafuta hewa?

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote kuhusu kamba wa maji baridi, wale wenye magando ambao wauzaji huwaita krefishi, ni hili: "Amelala ubavu, hasogei, nimtie dawa gani?" Kabla ya kujibu huuliza amelala wapi. Kama ni chini, juu ya mchanga au ndani ya pango lake, mwache. Huenda anajivua gamba, na wakati huo hakuna hatari inayozidi kidole chako. Lakini kama amepanda mpaka juu, ameshikilia mpira wa pampu na ubavu mmoja umetokeza nje ya maji, usingoje. Maji yamepungukiwa na oksijeni, naye amejilaza hivyo ili matamvua ya upande mmoja yapate hewa. Mkao ni ule ule, ila ukimfanyia wa kwanza yanayomfaa wa pili, utamuua.

Ndiyo sababu siamini sana zile orodha za ugonjwa huu na dawa hii. Kamba wengi niliowaona wakifa hawakuwa wagonjwa. Waliuawa na maji, au na kujivua, au na mwenzao, na si wachache waliouawa na mwenyewe aliyewatilia dawa kwa huruma.

Ninayoyaandika yanamhusu hasa kamba mwekundu, Procambarus clarkii, yule wa Naivasha. Si mwenyeji wetu. Asili yake ni kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko, na Afrika bara haikuwa na krefishi wa asili hata mmoja; Madagaska ndiyo yenye wake. Naivasha aliletwa mwaka 1970, na Uganda wamo katika Ziwa Bunyonyi. Wenye kamba wa bluu wa Australia, jamii ya Cherax, watakuta mengi yanafanana, ila hao hustahimili joto zaidi na maumbile yao ya uzazi ni tofauti kidogo. Usiwaweke tangi moja na hawa wa Kimarekani: kamba wa Marekani hubeba ukungu unaoitwa Aphanomyces bila wao kudhurika sana, na ukungu huo ndio uliowafyeka kamba wa asili wa Ulaya.

Anapanda juu, anataka kutoka

Kwanza ongeza hewa. Washa pampu, au kama stima imepotea, chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu, tena na tena, kwa dakika kumi. Akishuka mwenyewe ndani ya nusu saa, tatizo lilikuwa oksijeni. Sababu zake ni joto (maji yakifika nyuzi 30 hubeba oksijeni kidogo zaidi, na kamba mwekundu anastarehe zaidi kati ya 20 na 26), mabaki ya chakula yanayooza chini, au pampu iliyozimika usiku mzima. Kwa wanaoishi mahali ambapo stima hukatika mara kwa mara, dawa iliyo rahisi kuliko zote ni kutojaza tangi. Weka maji kiasi cha sentimita 20, na uweke tofali au jiwe linalofika juu ya maji. Kamba mwenye mahali pa kupanda atajiokoa mwenyewe wewe ukiwa umelala.

Asiposhuka hata baada ya hewa, pima maji. Amonia na nitriti, sumu zinazotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, zinatakiwa ziwe sifuri kabisa. Ikiwa tangi lina wiki mbili tu tangu lianze, nitakuambia jibu kabla hujapima: bakteria wa kwenye filta wanaoziondoa hawajakua, nao huhitaji wiki nne hadi sita. Badilisha robo ya maji leo, robo nyingine kesho, na upunguze chakula. Usibadilishe yote kwa pigo moja. Maji ya bomba yakae kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima ili klorini itoke. Na kama kampuni ya maji ya kwenu hutumia kloramini, kungoja hakutoshi, nunua dawa ya kuondoa klorini kwenye duka la samaki wa mapambo. Amonia huwa kali zaidi maji yakiwa ya moto na yenye pH ya juu (yaani asidi kidogo), kwa hiyo kipimo ambacho rafiki yako wa Limuru anakivumilia kinaweza kukuulia kamba Mombasa.

Na ikiwa maji ni mazuri, hewa ipo, na bado usiku anapanda? Huyo ni mtembezi tu. Hukwea nyaya za hita na mipira ya filta kama mtu aliyezaliwa juu ya mnazi. Ziba matundu yote. Ukimkuta asubuhi sakafuni, amekauka na ana vumbi, usimtupe kwenye maji mengi mara moja. Mweke kwenye beseni lenye maji yasiyomfunika mgongo, matamvua yalowe polepole, kisha baada ya saa moja mrudishe. Nimeona waliokaa nje usiku kucha wakarudi kula omena siku ya pili.

"Amekufa" na kumbe ni gamba

Kabla ya kumzika, mtazame macho. Gamba tupu lina macho ya kuonekana upande wa pili, kama kioo, na limepasuka pale mgongo unapokutana na mkia. Likikorogeka kwenye maji huelea kama nailoni. Kamba aliyekufa ni mzito, rangi hugeuka kuwa ya waridi, na harufu itakuambia mengine. Jirani yangu alishawahi kulitupa gamba kwenye taka kisha akalia mbele ya tangi ambamo kamba wake mzima alikuwa amejificha chini ya kigae.

Na hakupaswa kulitupa hilo gamba. Kamba hulila, na ndani yake mna kalisi anayoihitaji kugumisha gamba jipya. Liache siku mbili tatu.

Amekwama katikati

Hapa ndipo wengi wanapopoteza kamba, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Siku chache kabla ya kujivua kamba huacha kula, hujificha, rangi hufifia, na ile nafasi kati ya mgongo na mkia huanza kutanuka. Sehemu ya kalisi ya gamba la zamani huichukua na kuihifadhi kwenye ukuta wa tumbo kama vijiwe viwili vyeupe, mfano wa vifungo vya shati. (Aliyempasua kamba aliyekufa na kuvikuta humo hudhani alimeza changarawe. Hapana, alikuwa anajiandaa.) Siku ikifika hulala ubavu, gamba hupasuka mgongoni, naye huchomoa kichwa, magando na miguu kinyumenyume kama mtu anayevua gambuti iliyojaa maji, kisha huurusha mkia na kutoka. Watanzania waliposema "kujivua gamba" mwaka 2011 walikuwa kwenye siasa, chama tawala kikijisafisha. Kamba akikosea hapa hana uchaguzi mwingine.

Anakwama kwa nini? Sababu ninayoikuta mara nyingi ni maji laini mno. Wanaofugia maji ya mvua yaliyotoka kwenye bati wanajua ninachosema: maji masafi, kamba wanakufa nusu ndani nusu nje, magamba membamba kama karatasi. Maji ya mvua hayana kalisi. Weka ndani ya filta au chini ya tangi chokaa ya makombe wanayouziwa wafugaji wa kuku, au maganda ya mayai yaliyochemshwa na kuvunjwavunjwa. Watu wa pwani wana bahati: ule mfupa mweupe wa dome unaookotwa ufukweni, ambao wengine huwapa kasuku, hufaa sana. Ugumu wa maji ukiwa 6 hadi 12 kwa kipimo cha dGH (nyuzi za ugumu, si za joto) na pH kati ya 7 na 8, mengi hutulia. Maji ya kisima mara nyingi yana ugumu wa kutosha tayari; yapime usije ukaongeza chokaa juu ya chokaa.

Sababu ya pili ni hewa, kwa sababu kujivua hutumia oksijeni nyingi. Aliyekwama usiku stima ilipopotea hakukosa kalisi. Ya tatu ni kubadilisha maji mengi ghafla, jambo linaloweza kumsukuma ajivue kabla hajawa tayari. Ya nne ni wewe, ulipoinua kigae kuona anaendeleaje.

Naulizwa: nimvute? Hapana. Ukivuta, unang'oa. Gando likikwama atalikata mwenyewe pale shinani, ana kiungo maalumu cha kukatikia. Unachoweza kufanya ni kuongeza hewa, kuzima taa na kumwondolea wenzake. Wapo wanaotia matone ya iodini. Mimi niliacha, sikuona tofauti, na kupitiliza ni rahisi mno.

Akishatoka atakuwa laini kwa siku mbili tatu. Katika siku hizo kila kiumbe tangini, hata ngege mdogo uliyemweka kwa mapambo, humwona kama mlo. Ukimkuta kamba ameliwa na limebaki gamba la kichwa peke yake, usitafute ugonjwa. Tafuta mwenzake aliyeshiba.

Wote wamekufa usiku mmoja

Nilipoteza kamba tisa kwa usiku mmoja, na kosa lilikuwa langu. Walikuwa wanapenda kutoroka, nikachukua chandarua cha zamani kilichochanika, nikakikata na kufunika tangi. Kona moja ikalegea ikagusa maji. Asubuhi watatu walikuwa wanapiga mikia ovyo, miguu inatetemeka, wengine wamelala chali kimya. Konokono walikuwa wanatembea kwenye kioo kana kwamba hakuna kilichotokea.

Konokono ndio walioniambia. Vyandarua vya malaria hutiwa dawa za jamii ya pairethroidi, na dawa hizo huua kamba kwa kiasi kidogo sana, kwa kuwa kamba ni ndugu wa karibu wa wadudu. Konokono hazimshtui sana. Basi ukikuta kamba wote wamekufa kwa saa chache na konokono wazima, fikiria dawa ya wadudu. Ukikuta konokono nao wamekufa, fikiria shaba au amonia.

Njia ambazo dawa ya wadudu huingilia ni nyingi kuliko unavyodhani. Dawa ya mbu ya kupuliza: pampu ya hewa huvuta hewa ya chumbani na kuisukuma moja kwa moja majini. Dawa ya mbu ya kuchoma, chumba kikiwa kimefungwa. Mikono iliyotoka kumpaka mbwa dawa ya viroboto. Na sukuma wiki ya sokoni. Hiyo ya mwisho inaua polepole zaidi, mmoja leo mwingine kesho, na mwenyewe anaapa kwamba huwalisha vizuri. Tumia mboga ulizopanda mwenyewe, au majani makavu ya mpera na ya mkungu yaliyoanguka yenyewe. Kamba huyapenda kuliko mboga.

Shaba nayo huletwa na dawa za samaki. Nyingi za kutibu madoa meupe na vimelea zina shaba, na lebo haisemi kwa herufi kubwa. Damu ya kamba hubeba oksijeni kwa kutumia shaba, lakini shaba ikizidi kidogo majini humuua. Kwa hiyo samaki mgonjwa hutibiwa kwenye ndoo yake, si katika tangi la kamba.

Ukiwahi, wahamishe kwenye maji mengine kabisa yenye hewa nyingi, na utie mkaa maalumu wa filta kwenye tangi la zamani. Anayetetemeka bado huenda akapona. Aliyelala chali na miguu imetulia sijawahi kumrudisha.

Mambo madogo yanayotisha

Ameacha kula siku nne: pengine anakaribia kujivua. Ikipita wiki mbili bila gamba jipya, pima maji.

Amepoteza gando: litaota tena, dogo kwanza, likikua kila anapojivua. Kamba mchanga hulirudisha upesi, mzee huchukua mwaka na zaidi. Cha kutibu ni msongamano. Tangi la sentimita 60 kwa 30 ni la kamba mzima mmoja, usidanganywe.

Ana sufi ya kijivu kwenye gamba na kwenye papasi zake, zile nyuzi ndefu za kichwani: viumbe vidogo vinavyostawi kwenye maji machafu. Safisha maji, vitatoka na gamba.

Nyama ya mkia inaonekana nyeupe kama chaki kupitia gamba, naye anazidi kulegea wiki hadi wiki: huo ni ugonjwa wa kweli, wa vimelea vya misuli, na hauna tiba. Mtenge, na usiwape wenzake mzoga wake, maana huambukizwa kwa kula.

Tangi limekuwa tope na mimea yote imekatwa: hana ugonjwa, ni kazi yake. Huko Naivasha ni miongoni mwa sababu za kutoweka kwa mimea ya ndani ya maji na yungiyungi za bluu. Huwezi kumfunza adabu.

Hawazaani

Kwanza hakikisha una dume na jike. Mgeuze. Dume ana vijiti vigumu viwili viwili chini ya mkia, vimelala kuelekea kichwani kati ya miguu ya nyuma. Jike hana, ila ana kijishimo kidogo kama kitufe katikati ya miguu. Kwa Cherax tazama mashina ya miguu: ukihesabu magando kuwa jozi ya kwanza, jike ana matundu kwenye jozi ya tatu, dume kwenye ya tano.

Una dume na bado anamkimbia jike? Madume wa jamii ya kamba mwekundu huwa na hali mbili, ya kuzaa na ya kupumzika, nao hubadilika kwa kujivua. Aliye tayari ana kulabu ndogo kwenye mashina ya baadhi ya miguu, na magando yake ni makubwa. Aliye katika hali ya kupumzika hana kulabu za maana, na humlazimishi. Mngoje ajivue tena. Watu wengi huuza dume "tasa" ambaye alihitaji miezi michache tu.

Wakutanishe jioni, jike akiwa ameshiba, ukiwa hapo hapo. Dume atamgeuza chali na kumshika magando. Hiyo si vita. Ikiwa ni vita utaona magando yakifyatuka na mmoja akirudi nyuma kwa mkia, watenganishe. Wakimaliza, mwondoe dume.

Sasa jambo linalowashtua wengi: jike ana mabaka meupe chini ya mkia, pembeni, kama maziwa yaliyoganda. Watu humtilia chumvi. Hayo ni matezi ya gundi atakayogandishia mayai. Amekaribia. Huu ndio wakati wa kumhamishia kwenye tangi lake, kabla hajataga, kwa sababu akihamishwa na mayai na kupiga mkia mara moja tu kwa hofu, nusu yatamwagika. Ukilazimika kumhamisha baadaye, mchote na bakuli pamoja na maji, usimwinue.

Mayai mazuri ni ya kahawia iliyokolea hadi karibu nyeusi. Yakiwa ya rangi ya chungwa, yaliyofifia, na yanaota ukungu, hayakurutubishwa, atayachomoa mwenyewe. Akiyamwaga yote siku chache baada ya kutaga, fikiria jike wa mara ya kwanza, hewa kidogo, au mkono wako. Na akijivua akiwa nayo, yanaondoka na gamba. Kwenye maji ya nyuzi 22 hadi 25 huanguliwa baada ya wiki mbili hadi tatu hivi. Penye baridi, subira.

Vitoto hung'ang'ania chini ya mkia mpaka vimejivua mara mbili, kisha huanza kushuka. Mama huvivumilia kwa muda, halafu huvisahau kwamba ni vyake. Ukiona vingi vimetawanyika, mwondoe yeye. Vikizidi kupungua baada ya hapo, hesabu maficho: mabomba membamba yaliyokatwa, tofali zenye matundu, rundo la majani makavu. Ziba mdomo wa filta kwa sifongo. Vinavyokua haraka huwala vinavyojivua, basi chagua wakubwa uwatenge kila wiki, na ulishe kidogo kidogo mara mbili kwa siku.

Jike amekaa peke yake na ana mayai? Huenda alipandwa kabla hujamnunua, kwani huhifadhi mbegu za dume kwa miezi. Lakini kama mwaka umepita, ana marumaru mgongoni, na vitoto vyote vikikua ni majike, unaye Procambarus virginalis, kamba asiyehitaji dume, aliyegunduliwa kwa wafugaji wa Ujerumani miaka ya 1990 na ambaye sasa amejaa mashamba ya mpunga Madagaska. Mmoja anatosha kujaza mto. Kwa msomaji aliye Ulaya, huyu na yule mwekundu wote wamo katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya viumbe wavamizi tangu 2016: hawaruhusiwi kufugwa, kuuzwa wala kuzalishwa. Afrika Mashariki, ulizia ofisi ya uvuvi ya kwenu kabla ya kuwasafirisha wakiwa hai, hasa kuwavusha mpaka.

Na vitoto mia mbili utavifanyia nini? Mtoni hapana, bwawani hapana, na maji ya tangi yamwage shambani, si kwenye mfereji. Waliozidi waingize friza, wawe chambo au chakula cha kuku. Waliokua, kama tangi halijawahi kutiwa dawa yoyote, wachemshe kwa chumvi na pilipili, dakika tano hivi, na uondoe ule mshipa mweusi wa mkiani kabla ya kula.